Namna ya Kupika Shamari Isinukie Dawa ya Kikohozi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninaishi Uyole, Mbeya. Jirani yangu hulima mboga za kuuzia hoteli, na wiki hii alinipa vichwa vitatu vya mboga anayoiita feneli, yenye majani membamba kama ya karoti. Kimoja nilikikatakata nikakichemsha kama kabichi, kikalegea na kujaa maji, na wanangu wakakataa kula wakisema kinanuka dawa ya kikohozi. Vichwa viwili bado viko kwenye friji kwa siku ya nne leo. Mboga hii inapikwaje, inaliwa na nini, na je, vikonyo na majani yake ni vya kutupa?"

Marahaba, mwanangu. Wanao wana pua nzuri. Harufu waliyoisikia inatokana na mafuta ya asili yanayoitwa anetholi, ambayo yamo pia kwenye anisi, na watengenezaji wa dawa za kikohozi na peremende wameyatumia kwa miaka mingi ili kufunika ladha mbaya ya dawa. Mtoto aliyenyweshwa dawa ya namna hiyo kabla hajaonja mboga yenyewe ni lazima aikumbuke chupa kwanza. Kosa lako lilikuwa moja tu, nalo ni kuifananisha mboga hii na kabichi. Ipike kama unavyopika kitunguu: ikate, ikaange taratibu kwenye mafuta mpaka ipate rangi, ndipo uiongeze maji kidogo na kuifunika, na ikiiva uikamulie ndimu.

Sababu yake ni hii. Anetholi huyeyuka vizuri kwenye mafuta lakini kwenye maji haiyeyuki ila kidogo sana, tena hupanda upesi pamoja na mvuke. Ulipoiweka mboga kwenye maji mengi yanayochemka, harufu ilitoka ikajaa jikoni na kuwafikia watoto mezani kabla ya sahani, huku utamu wa mboga ukimwagika pamoja na maji uliyochuja. Ungeikaanga kwanza, mafuta yangeishika harufu hiyo na kuituliza, na sukari iliyomo ndani ya mboga ingegeuka rangi ya kahawia na kutoa utamu unaofanana na ule wa kitunguu kilichokaangwa kwa subira.

Jina lake la Kiswahili ni shamari. Nakuomba ulizoee, kwa sababu hilo la feneli limekwisha kuleta mikasa: ninamfahamu mama mmoja wa Tukuyu aliyemtuma kijana wake sokoni akatafute feneli, naye akarudi na fenesi zima kichwani. Dukani kwa muuza viungo napo kuna utata wa aina nyingine, kwa kuwa mbegu za shamari hufanana na bizari nyembamba, ile tunayotia kwenye pilau, na wauzaji wengine huzichanganya kwa kutojua. Mbegu za shamari ni nene kidogo, zina rangi ya kijani iliyopauka, na ukitafuna moja utasikia utamu mara moja, ilhali bizari nyembamba ni ya hudhurungi na ina uchungu kidogo. Usinunue kabla hujatafuna.

Nami sikuijua mboga hii tangu utotoni. Nilifundishwa na sista mmoja Mtaliano jikoni mwa misheni hapa Iringa, mkoa ambao Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia wamekuwapo tangu mwaka 1919. Siku ya kwanza nilikikata kile kichwa cheupe nikakitupa kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe, kisha nikayaosha majani kwa uangalifu mkubwa ili niyapike kama mchicha. Sista aliingia, akatazama kibao, akatazama ndoo, akainama akakitoa mwenyewe kile kichwa na kukiosha bila kusema neno. Tangu siku hiyo sijatupa chochote cha shamari isipokuwa ngozi ya nje iliyokomaa.

Kichwa hicho, ingawa kinafanana na kiazi, hakikui chini ya udongo. Ni sehemu za chini za vikonyo zilizonenepa na kukumbatiana, kama vile maganda ya kitunguu yanavyokumbatiana, na kwa hiyo mchanga huingia kati ya ganda na ganda. Usikioshe kikiwa kizima ukadhani kimetakata. Kata vikonyo pale vinapoanzia, banja kichwa katikati kuanzia juu kwenda kwenye kitako, ndipo umimine maji huku ukiyafungua maganda kwa kidole gumba. Ganda la nje kabisa likiwa na nyuzi ngumu, liondoe uliweke pamoja na vikonyo kwa ajili ya supu. Ukinunua mwenyewe siku nyingine, chagua kichwa cheupe, kizito na kigumu ambacho majani yake hayajanyauka, na ukiona katikati limechomoza shina refu la maua, kiache, kwa maana mmea ukiona joto kali au kukosa maji hukimbilia kutoa maua na kichwa chake huwa na nyuzi kama muwa uliotafunwa. Ndiyo maana hali yenu ya baridi huko Uyole inaifaa mboga hii kuliko pwani.

Sasa tuingie jikoni. Chukua kichwa kimoja kikubwa, ukate vipande vinane kwa urefu, kila kipande kikibaki na sehemu ndogo ya kitako ili maganda yasiachane. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti kwenye kikaango kipana, na yakipata moto wa wastani panga vipande vilale upande mmoja, nyunyiza chumvi, kisha uache. Narudia, uache. Wapishi wengi huharibu hapa kwa kugeuza kila dakika kama wanaokaanga mchicha, na mboga hutoa maji badala ya kupata rangi. Baada ya dakika sita au saba inua kipande kimoja kwa ncha ya kisu. Kikiwa na rangi ya asali iliyoiva, vigeuze vyote na usubiri muda kama huo kwa upande wa pili. Tia punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, zikaange kwa nusu dakika tu, kisha mimina nusu kikombe cha maji au supu ya kuku, funika, punguza moto. Vitabu vya Ulaya husema dakika kumi na tano zinatosha. Kwetu hazitoshi. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, jambo ambalo wewe unalijua tayari kwa maharage yako yasiyotaka kuiva. Ipe dakika ishirini na tano, na uhakikishe kwamba kisu kinapenya kwenye kitako bila kusukumwa. Mwishoni funua, acha maji yaliyobaki yakauke mpaka yawe kama mchuzi mzito unaong'aa, kamulia nusu ndimu, na unyunyize majani yake yaliyokatwa laini.

Ikipikwa hivyo, shamari hukaa vizuri kando ya wali wa Kyela na maharage, au kando ya kuku wa kienyeji aliyekaushwa. Kwa ugali nashauri uiongezee nyanya moja iliyokomaa wakati wa kufunika, ili pawepo na mchuzi wa kuchovya, kwa sababu ugali mkavu na shamari kavu havisaidiani. Ukiwa na tanuri, au ukiwa na desturi ya kupalia makaa juu ya mfuniko kama tunavyofanya kwa wali, unaweza kuvihamishia vipande vilivyokwisha kukaangwa kwenye sufuria pana, ukamwagia kikombe cha maziwa mazito yaliyochanganywa na kijiko kimoja cha unga wa ngano, ukapalia juu mpaka uso uwe na madoa ya kahawia. Hiki ni chakula cha Jumapili, nacho kina gharama kidogo ya maziwa.

Shamari mbichi ni habari nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo inayowashawishi watu wetu upesi zaidi, kwa kuwa tunaipenda kachumbari. Hapa usikate kwa urefu, bali kata kwa kukingama, vipande vyembamba kadiri kisu chako kitakavyoruhusu, ili nyuzi ziwe fupi na zisisumbue meno. Viloweke kwenye maji baridi sana kwa dakika kumi na tano, navyo vitajikunja na kuwa vigumu vya kuvunjika mdomoni. Miezi ya Juni na Julai huko kwenu hutahitaji barafu, maji ya bomba ya alfajiri yanatosha. Chuja na ukaushe kwa kitambaa safi, kisha tia chumvi, ndimu, kijiko kimoja cha mafuta na pilipili mbichi ukipenda. Watu wa kisiwa cha Sisilia huko Italia huichanganya na vipande vya chungwa vilivyomenywa mpaka ngozi nyeupe imeisha, nami huongeza parachichi la Rungwe lililoiva lakini lisilopondeka, ambalo huipa kachumbari hiyo unono inaoukosa. Ikiwa utaikata mapema kabla ya wageni kufika, ikamulie ndimu papo hapo, la sivyo sehemu zilizokatwa hugeuka rangi kama zinavyofanya zile za tufaha. Kachumbari hii huendana na nyama choma na hasa na kitu chochote chenye mafuta mengi, kwa sababu shamari hukata mafuta mdomoni.

Hapo ndipo ninapofikia samaki, na nitakaa kidogo kwa sababu ninyi wa Mbeya mmejaliwa Ziwa Nyasa. Wasisilia hao hao wana chakula maarufu cha tambi zilizopikwa kwa dagaa wa baharini, majani ya shamari pori na zabibu kavu. Sisi tunao usipa, na siku nilipojaribu kuwaunga kwa namna hiyo bila zabibu nilijiuliza kwa nini sikuwahi kufanya hivyo kabla. Kwa watu watano chukua vikombe viwili vya usipa wakavu, ondoa vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mpaka mchanga uishe, wakaushe vizuri na uwakaange kwenye mafuta mpaka wawe wakavu wa kulia mdomoni, kisha uwaweke kando. Kwenye mafuta yaliyobaki kaanga kitunguu maji kimoja na nusu ya kichwa cha shamari, vyote vikiwa vimekatwa vyembamba, kwa dakika kumi na tano za moto mdogo, mpaka visitofautiane kwa rangi. Ongeza nyanya moja, moja tu, kwa kuwa nyanya nyingi huimeza shamari kabisa. Rudisha usipa, nyunyizia maji vijiko vitatu au vinne, na wakikolea tia konzi moja ya majani ya shamari yaliyokatwakatwa na ndimu nzima. Zima moto. Majani hayo yakiungua hupoteza harufu, kwa hiyo yasikae motoni zaidi ya dakika moja. Ukimpata mbasa au perege mbichi, mchanje ubavuni, mtie chumvi na ndimu, mjaze tumboni majani pamoja na vikonyo vyembamba, na umchome kwa moto wa makaa usio na miali. Vikonyo hivyo humlinda asikauke na humpa harufu kutoka ndani, ingawa vyenyewe havitaliwa.

Kuhusu vikonyo vinene, usivitupe wala usijidanganye kwamba vitalainika ukivipika kama mboga. Vikate vidogo, uvichemshe kwa saa moja pamoja na ganda la nje, mfupa na kitunguu, kisha uchuje na utupe makapi. Maji hayo ni msingi mzuri wa supu ya viazi mviringo. Harufu yake haitakuwa kali, kwa sababu ile niliyoieleza ya kupanda na mvuke, na kwa supu hilo ni jambo jema.

Mbegu hazikuwamo kwenye swali lako, lakini jirani yako akiacha mimea michache itoe maua utazipata, nazo ndizo zinazokaa mwaka mzima kwenye kopo. Zikaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu kwa dakika mbili mpaka zianze kunukia, uzitwange kwenye kinu bila kuzigeuza unga. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu hizo kinatosha kwa nusu kilo ya nyama. Kama nyumbani kwenu mnakula nguruwe, hakuna kiungo kinachomfaa zaidi: Wataliano huzitia kwenye soseji zao, na kitimoto iliyosuguliwa mbegu za shamari, kitunguu saumu na chumvi usiku mmoja kabla ya kukaangwa haihitaji kitu kingine isipokuwa ndizi za kuchoma na ile kachumbari niliyoieleza. Kwenye maharage ya njano zitie wakati wa kuunga, pamoja na kitunguu, na usizidishe nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya familia. Watu wenye asili ya India huzitafuna baada ya kula ili kusafisha kinywa na kutuliza tumbo lenye gesi, desturi ambayo naiona ina busara mtu akishakula maharage. Sikushauri kuzitia kwenye pilau lenye mdalasini na karafuu nyingi, kwa kuwa zitapotea, na wala kwenye mbalaga, ambayo utamu wa ndizi zake unajitosha.

Tahadhari ni chache lakini nazitaja kwa uzito. Mwenye mzio wa karoti, figili au giligilani aanze kwa kuonja kidogo, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na shamari, isipokuwa figili ile ya mizizi myekundu, ambayo ni ya ukoo mwingine. Ninayoikusudia ni ile ya majani na vikonyo virefu inayouzwa pamoja na kotmiri. Mama mjamzito aile kama chakula, lakini asinywe maji makali ya mbegu zake kama dawa, na watoto wachanga wasinyweshwe maji hayo kwa ajili ya tumbo bila ushauri wa daktari. La mwisho, usikubali mtu akuletee shamari aliyoichuma porini. Katika ukoo huohuo imo mimea yenye sumu kali inayofanana nayo kwa majani, na jani lolote lisilonukia utamu ukilifikicha kwa vidole halifai kuingia jikoni.

Nikirudi kwenye friji yako, shamari hukaa vizuri kwa siku tano mpaka saba, hasa vikonyo vikiwa vimeondolewa, kwa maana majani huendelea kunyonya maji kutoka kwenye kichwa hata baada ya kuvunwa. Vikate leo, majani uyafunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Kichwa kimoja kifanyie kachumbari wewe na baba watoto. Cha pili kikate vidogo sana, ukikaange taratibu kwenye siagi kwa nusu saa mpaka kilegee na kuwa na rangi ya asali, kisha ukiponde pamoja na viazi mviringo vilivyochemshwa, kwa kipimo cha viazi mara mbili ya shamari, maziwa ya moto kidogo na chumvi. Wapakulie watoto pamoja na mchuzi wa nyama waliouzoea, na usiwaambie kilichomo mpaka wamalize sahani.